Flaski Namba Arobaini na Moja

Mutheu alirudi kazini siku ya kumi na tatu baada ya kujifungua, na hakuna aliyekuwa akimtarajia. Likizo yake ilikuwa ya miezi miwili, na haikufutwa ingawa mtoto hakuwapo tena. Mlinzi alimtazama tumbo, akamtazama mikono, akafungua lango bila kumwuliza kitu.

"Sista," Patrobas alisema alipomwona akivaa koti jeupe. Patrobas alikuwa fundi mwenzake wa maabara, baba wa watoto watano, mtu wa Mumias asiyejua kunong'ona. Siku hiyo alinong'ona. "Si ungepumzika nyumbani kwanza?"

"Nyumbani kuna watu," Mutheu alisema, akafunga vifungo.

Ilikuwa kweli. Nyumba yao ya Buruburu, Phase Four, ilijaa kila alasiri. Akina mama wa kanisa walikuja na chupa za chai na mikate, wakaimba, wakamshika magoti, wakangoja alie. Hakulia. Aliwaona wakitazamana juu ya kichwa chake. Siku moja alijaribu kulia ili waridhike waende makwao, akakunja uso na kuvuta pumzi, lakini hakuna kilichotoka, akaona aibu akainuka kuosha vikombe. Kitu pekee kilichomtoka bila kuombwa kilikuwa maziwa. Alijifunga leso kifuani, akaikaza kwa pini, na bado ikalowa. Ilikuwa kama mwili haujapata habari.

Mtoto alizaliwa Jumanne adhuhuri, tarehe nne Juni mwaka wa tisini na sita, baada ya miaka tisa ya ndoa. Alilia vizuri. Jumatano jioni alikataa titi. Alhamisi alikuwa wa moto, na mama mkwe, Syombua, aliyefika kutoka Mwala na mkoba wake wa kiondo, alimwinamia mle wodini akampa jina sikioni, kama inavyofanywa kwao siku ya tatu: Nyamai, jina la babu yake. Ijumaa saa nne asubuhi Nyamai akafa. Daktari wa watoto alisema ni vijidudu vilivyoingia kwenye damu. Jumamosi wakamzika Lang'ata, watu wanane, na mvua ndogo ya Juni ambayo hata haikuwalowesha vizuri.

Yote hayo Mutheu aliyakumbuka barabara, kwa tarehe na saa, kama mtu aliyeyasoma kwenye faili ya mtu mwingine.

Maabara yao ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya hospitali ya wazazi, mwendo wa kutembea kutoka Jogoo Road. Kazi iliyofanywa humo, ukimweleza jirani, alidhani unamtania. Mtoto akishazaliwa, damu kidogo hubaki kwenye kitovu, ile ambayo hutupwa pamoja na kondo la nyuma. Wao waliiomba. Ndani yake walitafuta chembe chache sana ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, seli shina, wakaziweka kwenye flaski ya plastiki yenye maji ya lishe ya rangi ya waridi, wakazitilia dawa za kukuza zilizoletwa kwa ndege ndani ya barafu, wakazifungia kwenye inkubeta, kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Zikikubali, baada ya wiki mbili au tatu zingegeuka kuwa chembe nyeupe za kinga, zile zinazokamata vijidudu na kuvimeza. Miaka ile kila Jumamosi kulikuwa na mazishi ya mtu aliyeishiwa na kinga. Sababu kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja kaburini. Dakta Shitanda, mkuu wa maabara, alikuwa mtu mzima mwenye mvi aliyeamini kwamba huwezi kurudisha kitu ambacho hujui kinavyokua. Kwa hiyo alitaka kukiona kikikua.

Flaski arobaini zilikuwa zimeshindwa. Nyingine ziliota ukungu. Nyingine zilikufa stima ilipopotea na jenereta ikakataa kuwaka. Nyingine zilikataa tu, bila sababu.

Asubuhi hiyo Mutheu alifungua inkubeta, akatoa flaski zilizokuwamo, tatu, akaziangalia moja moja kwenye hadubini. Mbili zilikuwa na uchafu wa seli zilizokufa, zikielea kama makapi. Ya tatu ilijaa. Seli za duara, zinazong'aa pembeni, zimebanana hadi ukuta wa plastiki hauonekani. Hakuwahi kuona flaski kama hiyo.

"Hiyo ndiyo tunaiita mkubwa," Patrobas alisema, sauti yake ya kawaida imemrudia. "Arobaini na moja. Nilianza nayo na seli laki mbili tu. Hesabu ya Ijumaa ilikuwa milioni tisa. Daktari halali."

Mutheu aligeuza flaski asome kibandiko. Namba, na tarehe. 41. 4/6/96.

Hakuhitaji kufungua daftari, lakini alilifungua. Jumanne ile ilikuwa imeletwa damu ya kitovu kimoja tu. Majina hayakuandikwa, ndiyo ilikuwa kanuni, lakini mwandiko wa Nesi Nafula wa chumba cha kuzalia aliujua, na saa iliyoandikwa aliijua pia. Saa sita na dakika ishirini.

Alikumbuka sasa. Kwa miaka miwili alikuwa akipita wodini na fomu, akiwaomba akina mama watoe kitu ambacho hawatakikosa. Tumbo lake lilipokuwa la miezi saba aliona haya kuwaomba wenzake kitu ambacho yeye mwenyewe hatoi, akatia sahihi yake. Kisha akasahau. Uchungu ulipomshika, na baadaye, hakufikiria kitovu kabisa.

Patrobas alikuwa akieleza jambo juu ya oda ya vyombo. Mutheu aliirudisha flaski kwenye kabati, akafunga mlango mpaka ukatoa ule mlio wake mdogo.

"Hii nitailisha mimi," alisema.

"Karibu. Mimi nimechoka kuilea."

Alingoja kitu kije. Kizunguzungu, au mikono kutetemeka. Alisimama pale dakika nzima akingoja. Kisha akaenda kuosha mikono, kwa sababu ndiyo hatua iliyofuata.

* * *

Aliilisha flaski arobaini na moja Jumatatu hiyo na Alhamisi. Alitoa nusu ya maji ya zamani, akatia mapya, akadondosha dawa ya kukuza tone kwa tone, akapitisha mdomo wa chupa juu ya moto. Kila baada ya siku tano kanuni ilitaka kijisehemu kigandishwe kwenye nitrojeni, ili ukuaji uweze kulinganishwa. Patrobas alikuwa amegandisha cha siku ya tano na cha siku ya kumi. Mutheu aligandisha cha kumi na tano. Mikono ilijua kazi. Yeye alikuwa nyuma yake kidogo, akiitazama.

Jumatano, hesabu ilipofika milioni kumi na nane, Dakta Shitanda alimtuma mlinzi akalete soda na mandazi. Alisimama kati ya meza mbili na chupa ya Stoney mkononi, miwani imemteleza.

"Miaka minne," alisema. "Leo tuna kitu. Jumanne ijayo tutazijaribu kama zinakula. Zikila, tunaandika." Kisha akamgeukia Mutheu, akaona haya, akashusha sauti. "Mama, najua si wakati mzuri kwako. Nakushukuru kwa kurudi."

"Asante, Daktari."

Walimpa Fanta. Akainywa yote. Alisikia ubaridi ukishuka kooni, na utamu wake ulikuwa mbali, kama redio ya jirani. Patrobas alicheka na kupiga meza, na mandazi yalikuwa ya moto. Yeye pekee alijua walikuwa wakisherehekea nini, na alipojaribu kulifikiria wazo hilo, liliteleza.

Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua hata hivyo, kwa namna ambayo kijiwe kidogo humsumbua mtu aliyekufa ganzi mguu: anajua kipo, hakimchomi. Siku ya pili ya matanga Syombua alikuwa jikoni anachagua maharagwe. Alisema, si kwa Mutheu, aliiambia sufuria, "Mimba na damu ya watu usiowajua, vinakaaje mahali pamoja? Mikono iliyoshika damu za wodi nzima ndiyo iliyomshika mtoto." Nzivo, mumewe Mutheu, alikuwa mlangoni. Alisikia. Nzivo alikuwa karani katika mahakama ya Makadara, mtu wa kuandika yanayosemwa na wengine bila kuongeza neno, na siku hiyo pia hakuongeza neno.

Alhamisi, wakati wa chakula cha jioni, Syombua akiwa ameenda maombini, Mutheu alimwambia.

"Damu ya kitovu chake iko kazini kwetu. Haijafa. Inakua."

Nzivo aliweka kijiko chini. "Damu ya nani?"

"Ya Nyamai."

Alimweleza taratibu, kama alivyowaeleza akina mama wodini: seli shina ni nini, maji ya lishe, inkubeta. Nzivo alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mahakamani. Alipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Wako wangapi?"

Mutheu aliligundua neno. Yeye angesema ziko ngapi. "Milioni kumi na nane jana," alisema.

Nzivo alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Alilia hivyo kwa muda mrefu, ugali ukapoa. Mutheu alimwekea mkono mgongoni, akautazama mkono huo ulivyokaa pale. Asubuhi, akifunga tai, Nzivo aliuliza tena. Wako wangapi leo? Na Ijumaa jioni, kabla hajavua viatu. Alikuwa mchangamfu, akanunua maziwa mengi kuliko wanayokunywa. Mutheu akaona amemfanyia mumewe jambo baya, ila hakujua jinsi ya kulirekebisha.

"Nipeleke nimwone," Nzivo alisema.

* * *

Walienda Jumamosi asubuhi, maabara ikiwa tupu. Mutheu alimpa koti la Patrobas, likamfika magotini. Akaweka flaski chini ya hadubini, akarekebisha, akasogea.

Nzivo aliinama. Hakujua kufumba jicho moja vizuri, akawa anaangalia na kuinuka, kuangalia na kuinuka. Kisha akatulia.

"Anasonga," alisema. "Mutheu. Huyu hapa anasonga."

"Zinatembea. Zinatafuta chakula."

"Wana nguvu."

"Ndiyo."

"Sasa kama wana nguvu hivi," Nzivo alisema, jicho bado kwenye hadubini, "wale wa ndani yake walikuwa wapi?"

Mutheu alikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye vitabu. Mtoto mchanga huzaliwa na askari wachache mno, na hao wachache hawajui kazi. Vijidudu vikija vingi kwa mpigo wanaisha kwa siku moja, na akiba haijajengwa. Alianza kumweleza, na akiwa katikati ya sentensi mlango ukafunguliwa, Dakta Shitanda akaingia na gazeti kwapani. Hata yeye Jumamosi alikuja kuziona.

Daktari alimtazama mtu mgeni ndani ya koti la maabara. Nzivo aliwahi kabla ya Mutheu kueleza. Aliinuka, akasimama wima kabisa.

"Mheshimiwa," alisema, kama anavyomwambia hakimu, "huyu ni mtoto wangu."

Dakta Shitanda hakuelewa, kisha akaelewa. Akavuta kigoda, akakaa. Gazeti likaanguka, hakuliokota.

"Arobaini na moja?" alimwuliza Mutheu.

"Ndiyo, Daktari."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Jumatatu."

"Na Jumatano nilikupa soda." Alivua miwani, akaishika tu. "Mama, fomu uliyotia sahihi unaijua kuliko mimi. Ina mstari unaosema mzazi anaweza kubadili nia siku yoyote. Ukisema neno, tunaacha leo. Sitakuuliza sababu, na kazi yako haitaguswa."

"Tunataka tumzike," Nzivo alisema. "Hawa wote. Tuwaweke pamoja naye kule Lang'ata."

"Mimi sijasema hivyo," Mutheu alisema.

Wanaume wote wawili walimgeukia.

"Daktari, kile kijidudu kilichomwua, maabara ya hospitali ilikiotesha kutoka kwenye damu yake. Sahani bado iko kwenye friji yao. Jumanne nataka tuzijaribu kwa hicho."

Dakta Shitanda alikunja uso. "Tumepanga kutumia hamira iliyouawa. Ndiyo inayotumika kila mahali. Kwa nini hamira isitoshe?"

"Hamira haikumwua."

Nje gari la nguo chafu la hospitali lilipita likigongagonga.

"Jaribio hilo halitakuambia kijidudu kilitoka wapi," daktari alisema mwishowe, kwa upole. "Linaweza kukuumiza na lisikuambie hilo."

"Najua. Litaniambia yeye alikosa nini."

"Mutheu," Nzivo alisema, sauti imepasuka. "Hiyo ni kesi ya nani unayoitafutia ushahidi?"

"Yangu. Mama alisema ni mikono yangu. Na wewe ulikuwa mlangoni, ukanyamaza."

Alilisema bila hasira, kama anayesoma tarehe. Nzivo akaanza kuvua koti la Patrobas, kifungo kimoja kimoja, akalitundika mahali alipolikuta. Alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, "Fanya. Halafu uniambie jinsi ilivyo, usinipunguzie."

* * *

Jumanne, wiki tatu kamili tangu Nyamai azaliwe, Mutheu alienda kuchukua sahani ya hospitali kwa barua ya Dakta Shitanda. Vijidudu vilikuwa vimeota kwenye sahani kama makamasi, vinang'aa. Aliviangalia kwa muda. Havikuwa na sura yoyote. Alivichota, akavitia kwenye maji ya moto mpaka vikafa, akavitia rangi ya zambarau ili vionekane.

Akayeyusha kijisehemu cha siku ya tano. Hizo zilikuwa seli changa, zilizokuwa karibu zaidi na zile alizokuwa nazo Nyamai siku alizoishi. Na akachota za leo, zilizokomaa. Akamwita Patrobas, ambaye kufikia hapo alikuwa ameambiwa flaski ni ya nani.

"Zifunike majina," Mutheu alimwambia. "Andika A na B, na usiniambie ni ipi. Sitaki jicho langu lichague."

"Sista, niache nihesabu mimi."

"Utahesabu baada yangu."

Seli na vijidudu vilikaa pamoja kwenye joto nusu saa. Kisha Mutheu akavipaka kwenye vioo, akaketi, akashika kile kidude cha kuhesabia cha kubonyeza kwa kidole gumba. Seli mia mbili kwa kila kioo. Kwa kila seli swali lilikuwa moja: imemeza, au haijameza.

Kioo cha A. Seli baada ya seli, zikiwa tupu, na vitone vya zambarau vikielea kando yake bila kuguswa. Hapa na pale moja ilikuwa na kitone ndani. Alihesabu hadi mwisho. Kumi na tisa.

Kioo cha B. Seli ya kwanza ilikuwa imejaa zambarau mpaka kiini chake kimesukumwa pembeni. Ya pili pia. Ya tatu. Kidole chake kilibonyeza na kubonyeza, na kwa muda mrefu hakupata hata moja iliyo tupu. Nyingine zilikuwa zimenyosha mkono mwembamba kuelekea kitone kilichokuwa mbali, na rangi ikazikuta hapo hapo, mkono umenyoshwa. Mia moja sabini na moja.

Alirudia mara tatu. Patrobas akahesabu baada yake, akapata kumi na nane na mia moja sabini na tatu. Kisha akafunua majina, ingawa hakukuwa na haja. A ilikuwa ya siku ya tano. B ilikuwa ya leo.

Mutheu aliandika namba kwenye daftari, akapiga mstari chini kwa rula.

"Wangekimaliza," Patrobas alisema. Alikuwa akifuta pua kwa mkono wa koti. "Wangekimaliza hicho kidudu, Sista. Wangepewa wiki mbili tu."

"Wangepewa," Mutheu alisema, na akasikia kwamba amezitaja kama watu, kama Nzivo. Alingoja tena kitu kije. Kilikuja kidogo, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu, kikaenda.

Jioni hiyo Nzivo alimngojea sebuleni amevaa tai yake ya kazini. Syombua alikuwa jikoni anakoroga isyo, mahindi na maharagwe ya kwao yaliyoletwa na basi. Mutheu alisimama katikati, mahali ambapo wote wawili wangemsikia, akawaambia. Aliwaambia namba. Aliwaambia kuwa kijidudu kilitoka wapi hajui na hatajua. Huenda kwenye wodi, huenda kwenye sindano, huenda kwake yeye wakati wa kuzaa, kama inavyowapata wengi ambao hawajawahi kushika damu ya mtu. Alichojua ni kwamba mtoto alikuwa na askari wazuri ambao hawakupata muda.

Nzivo aliinuka, akaenda mlangoni mwa jikoni, mahali pale pale aliposimama siku ile.

"Mama," alisema kwa Kikamba, "ulisema neno hapa kuhusu mikono ya mke wangu, na mimi nikalimeza. Neno hilo sitaki kulisikia tena katika nyumba hii."

Syombua hakugeuka. Mwiko ulizunguka sufuriani mara tatu, nne. Alikuwa mwanamke aliyezika watoto wake wawili kabla ya Nzivo, na hakuna aliyewahi kumwambia walikosa nini.

"Mutheu," aliita mwishowe. "Zilikula kweli?"

"Zilikula, Mwaitu," Mutheu alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Karibu zote."

Yule mama aliifunika sufuria, akapangusa mikono kwenye kanga yake. "Kwa hiyo hakuwa mlegevu," alisema. "Babu yake pia hakuwa." Akapakua chakula, akampa Mutheu sahani kwanza, kabla ya mwanawe.

* * *

Mutheu alijua ambacho Nzivo hakukijua: seli zikishakuwa askari hazizai tena. Seli shina zote za flaski ile zilikuwa zimekwisha kuwa kitu kingine, na hakukuwa na nyingine nyuma yao. Alizilisha kama kawaida, na bado zikapungua. Milioni kumi. Milioni nne. Dakta Shitanda aliandika matokeo yake, na mahali pa kutaja chanzo cha damu akaandika kwamba mzazi alipewa nafasi ya kuiondoa na akachagua kuendelea. Alimwonyesha Mutheu sentensi hiyo kabla hajaipiga taipu.

Nzivo aliuliza wako wangapi kwa siku kadhaa. Halafu akauliza siku moja moja. Halafu akaacha.

Ijumaa, tarehe kumi na mbili Julai, Mutheu alipiga simu mahakamani kutoka ofisi ya daktari, akaomba kuongea na karani Nzivo. Alimwambia kwamba hakuna inayosonga. Nzivo aliomba ruhusa, akaja.

Aliangalia kwenye hadubini kidogo tu. "Nilidhani nitataka kuzika," alisema. "Sasa sioni cha kuzika. Tulikwisha kumzika."

"Ndiyo."

Mutheu alitia dawa ya kutoa madoa ndani ya flaski, kama kanuni inavyotaka. Rangi ya waridi ilififia kuanzia juu, ikaisha, yakabaki maji tu. Ilibidi kungoja nusu saa. Walikaa kwenye vigoda viwili, magoti yamegusana. Nzivo alimweleza kesi ya asubuhi, ya watu wawili wa Komarock waliogombania mpaka wa choo, na hakimu aliyesinzia. Patrobas alipita, akawapa mkono wote wawili, akaondoka. Dakika zilipofika thelathini Mutheu alimwaga maji kwenye sinki, akafungulia bomba, akaitia flaski tupu kwenye mfuko wa vitu vya kuchemshwa kwa mvuke.

"Tutembee," Nzivo alisema walipofika nje.

Walitembea kando ya Jogoo Road, upande wenye vumbi, pamoja na wafanyakazi waliokuwa wakirudi kutoka viwandani. Kulikuwa na baridi ya Julai, ya mawingu. Walipita Makadara. Wanawake walikuwa wametandaza nyanya kwenye magunia, na mtu fulani alikuwa akichoma mahindi. Karibu na njia ya kuingilia Buruburu, Mutheu alisimama.

Nzivo alienda hatua mbili ndipo akagundua yuko peke yake. Akarudi.

"Nini?"

Mutheu alikuwa akitazama chini. Alikuwa amevaa viatu vyeusi alivyonunua mwezi wa nne. Tangu ajifungue miguu yake haikurudi kuwa kama zamani, na ngozi ya kisigino cha kushoto ilikuwa imechubuka mpaka damu imelowesha soksi. Labda ilikuwa hivyo tangu asubuhi. Labda wiki nzima.

"Kisigino kinaniuma," alisema. Alisema kwa mshangao. Kisha uso ukamkunjamana, wenyewe, bila yeye kuukunja. "Nzivo, kinaniuma. Kinaniuma sana."

Nzivo alipiga magoti pale kando ya barabara na suruali yake ya kazini, watu wakiwapita kulia na kushoto, akamfungua kiatu.